Uji wa Mkwe

Kristina alifika na hotpoti ya uji mpaka mlangoni mwa wodi ya wanaume, akakwama. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaingia ndani, wa kushoto ukakataa. Akaurudisha wa kulia, akavuta kanga ikamfunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akageukia ukuta wa koridoni kama mtu aliyesahau kitu. Watu walimpita na mabeseni na chupa za chai, wanamsukuma kidogo, wanamwomba radhi, na yeye anazidi kujibandika ukutani.

"Mama, ingia, saa ya kuona wagonjwa ndiyo hii," mlinzi alimwambia.

"Naingia, baba."

Hakuingia. Angeingiaje? Kule ndani, kitanda cha dirishani, alikuwa amelala mkwe wake, mume wa binti yake Yunisi, kifua wazi, mpira puani, bandeji tumboni, na shuka limeishia kiunoni. Tangu amuoe Yunisi, mtu huyo hajawahi kumtazama Kristina usoni, wala Kristina yeye. Kwao Mtinko mama mkwe hamkaribii mkwe wake hata akiwa amevaa suti ya harusi, sembuse shuka la hospitali. Hali naye, hapeani naye mkono, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kumpisha mwenzake, hata kama shamba ni la watu na alizeti ndiyo kwanza imeota.

Na balaa lenyewe lilikuwa hili: pale hospitalini, huyo mtu hakuwa mkwe wake. Alikuwa ameandikwa kuwa mwanawe wa kumzaa.

Kristina akamsimamisha mama mfagizi, akamwekea hotpoti mikononi. "Nisaidie mwanangu, kile kitanda cha dirishani. Mimi miguu inaniuma."

"Miguu imekufikisha hapa, mama, halafu hatua hizi chache ndizo zinauma?"

"Ndizo hizo hizo."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Bonifasi, mkulima wa vitunguu aliyevunjika mguu, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha dirishani na mdomo wake haukuvunjika hata kidogo. "Mwalimu! Mama yako amefika mlangoni akarudi tena! Una deni lake nini?"

Wodi ikacheka. Kristina alishuka ngazi mbio, na ile miguu inayouma haikumwuma tena.

*

Mkwe mwenyewe alikuwa Mzambia, anaitwa Mwape, fundi wa mitambo ya kuchimba visima. Kampuni ilimleta Singida, akamwona Yunisi, akatoa ng'ombe wa mahari bila kubishana, wakapanga nyumba Mandewa, pale mjini. Yunisi alipojifungua mtoto wao Naftali, Kristina alitoka Mtinko kuja kumwangalia mzazi. Nyumba ile ilikuwa na milango miwili, na huo ndio ulikuwa uzima wao. Mkwe alipita mbele, mama mkwe akapita uani. Kila akirudi, kabla hajafungua mlango, Mwape alikohoa mara mbili kwa nguvu, na Kristina alikusanya ungo wake na kanga zake akajifungia chumba cha nyuma. Hakuna aliyemkalisha Mwape chini kumfundisha. Alimwuliza Yunisi siku ya kwanza tu, basi, akaishika adabu kuliko vijana wengi waliozaliwa humo. Kristina alimpendea kikohozi hicho. Zaidi ya kikohozi, hakumjua.

Asubuhi aliyougua, kikohozi hakikusikika. Kilisikika kilio, mtu mzima analia kwa tumbo.

Hospitali ya kwanza ilikuwa ya binafsi, ile yenye vigae na kiyoyozi, ambayo Mwape alikuwa akiisifu kila siku. Kristina alikaa benchi la nje na kichanga, dirisha la mapokezi likiwa juu ya kichwa chake, akasikia yote.

"Kadi haisomi, dada."

"Jaribu tena," Yunisi alisema. "Ni ile ile. Mwezi wa kwanza mlimpokea hapa kwa mafua tu, mkampa na juisi."

"Nimejaribu. Kampuni imeshamtoa. Bima ilikuwa ya kampuni, haikuwa yake. Tunaweza kumpokea kwa fedha taslimu, mnatanguliza kidogo." Kisha akataja hicho kidogo. Yunisi akamwomba akitaje tena.

Mkataba wa Mwape ulikuwa umeisha, akasema anasubiri mwingine. Bima ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya kumpeleka mgonjwa kwa ndege mpaka Afrika Kusini. Siku hiyo ilishindwa kumvusha kaunta. Na si kwamba alikaa tu. Alikwenda kuulizia bima ya hapa nchini, ya kujiunga mwenyewe, akaambiwa kwanza kibali chake cha kuishi kiwe hai. Alipoulizia kibali, akaambiwa alete kazi. Na kazi ndiyo hiyo iliyokuwa imeisha. Alizungushwa hivyo tangu alizeti zilipochanua mpaka zikavunwa.

Wakampakia tena kwenye bajaji mpaka hospitali ya serikali. Huko hawakumfukuza mtu, ila mgeni ana dirisha lake na bei yake, na dirisha hilo linataka pasipoti na kibali. Mwape alikuwa amejikunja kwenye machela, macho yamegeuka. Hapo ndipo Amosi, kaka yake Yunisi, mwalimu wa shule ya msingi, alipofika na bodaboda, akasikiliza sentensi mbili, akatoa kadi yake ya bima mfukoni.

"Andikisha hii," alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye ninayeumwa."

"Kaka, una wazimu?"

"Unataka tumzike?"

Mashine ya alama za vidole ilikuwa mbovu, fundi anasubiriwa kutoka Dodoma. Picha ya kwenye kadi ilipigwa Amosi akiwa mwembamba, na mtu aliyezidiwa sura yake haina uhakika. Kadi ikapita. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umesambaa. Daktari akampasua mchana ule ule, akasema wangechelewa kidogo tu wangempeleka chumba cha maiti. Yunisi akawaambia wodini kwamba mpira umemwumiza koo, asisemeshwe. Maana Kiswahili cha Mwape, mtu yeyote wa Singida akikisikia, anamwuliza hapo hapo ametokea wapi.

Siku za mwanzo Yunisi alipeleka mwenyewe uji mwepesi wa kupitishwa kwenye mpira, kichanga anamwachia mama yake. Halafu akaamka na titi limevimba na homa ya kutetemeka. Ikabaki zamu ya Kristina. Na kwenye jalada, mahali pa ndugu wa karibu, Amosi alikuwa ameandika jina la mama yake.

*

Muuguzi wa zamu aliitwa Luciana, mwanamke mnene, mpole, mwenye jicho la kuona. Alimwona mama wa kitanda cha dirishani akigeukia ukuta jana, akamwona leo. Akamfuata mpaka kwenye bomba la kunawia, nyuma ya jengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista."

"Mimi kwetu Ikungi." Luciana alifungua bomba akanawa mikono polepole. "Mama yangu akisikia mume wa dada anakuja, anazungukia nyuma ya nyumba na kanga kichwani hivyo hivyo. Mtoto wake wa kumzaa hamkimbii. Anamgombeza."

Kristina alirudi nyuma hatua moja. Akashika ukuta.

"Sijakuuliza kitu," Luciana alisema. "Na wewe usiniambie kitu, maana nikiambiwa nitakuwa nimejua. Ila kesho mkaguzi wa bima anapita wodini. Anauliza kitanda kwa kitanda. Akikuta kadi ni ya mtu mwingine anaizuia pale pale, na zile dawa za kwenye dripu zinakwenda na kadi. Usaha bado haujaisha kwa huyu mtu, mama. Dawa zikikatwa kesho, sijui."

"Na mwenye kadi?"

"Mwenye kadi anaitwa ofisini kwake kujieleza. Kazi ya serikali unaijua. Na huyu mwingine akipona, watamwuliza kibali." Luciana akafunga bomba. "Saa nne asubuhi. Mama mzazi hasimami mlangoni. Mama mzazi anaingia, anamnawisha mwanawe, anamlisha. Nimekwambia kama Mnyaturu mwenzangu."

*

Amosi alikuwa amejificha chumba cha nyuma kule Mandewa, chumba kile kile cha Kristina, kwa sababu mtu hawezi kuwa amelazwa na wakati huo huo anaonekana sokoni. Shuleni walikuwa na habari kwamba mwalimu amepasuliwa. Walimu wenzake walikuwa wanachanga sukari na mchele waje kumwona, na kila siku aliwapigia kuwaambia daktari amekataza wageni. Alikuwa kitandani anakula karanga.

"Ingia tu mara moja, mama. Fumba macho."

"Nifumbe macho nimlishe puani?" Kristina alikuwa amesimama, hataki kukaa. "Unajua unachoniomba, Amosi? Nimwone mume wa mwanangu uchi. Nimshike. Nimwekee chakula mdomoni. Halafu Yunisi nimtazame vipi? Baba zako wadogo wakisikia kule Mtinko watasema nini?"

"Nani atawaambia?"

"Kuna Bonifasi mle ndani, ana mdomo kama redio. Anauza vitunguu mpaka kwetu."

Yunisi aliita kutoka chumba cha pili, sauti ya homa: "Mama, basi nitakwenda mimi."

"Lala wewe!" Kristina akamgeukia tena Amosi. "Mbona hamkuniambia niuze ng'ombe? Wale ng'ombe wapo. Tungelipa kwa jina lake, kwenye dirisha lake, tukajua moja."

Amosi aliacha kutafuna. "Ng'ombe gani, mama? Wale ni mahari aliyotoa yeye. Twende kwa baba wadogo tuwaambie tunatoa ng'ombe wa Mwape tumrudishie Mwape? Watasema ndoa imevunjika, watamchukua Yunisi na mtoto kabla hatujafika mnadani. Unawajua."

Kristina aliwajua. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mtu nyuma yake anayeusukuma kurudi.

"Na akifa?" aliuliza mwishoni. "Hilo mlilifikiria? Akifa mle ndani amekufa Amosi. Karatasi itatoka na jina lako. Yule mtu ana mama yake huko Zambia. Mama yake ataambiwa mwanawe amezikwa wapi, kwa jina gani?"

Amosi aliuweka mfuko wa karanga chini. "Hatukufikiria," alisema. "Alikuwa anakufa, mama. Nilitoa nilichokuwa nacho."

Kristina akamtazama mwanawe, akamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Akaenda jikoni kusaga uwele.

*

Asubuhi alifika mapema. Luciana alikuwa ameshauchomoa mpira wa puani, daktari ameruhusu mgonjwa anywe uji kwa mdomo. Kristina alisimama mlangoni. Akasema moyoni, Mungu nisamehe, na wewe mama yake, popote ulipo, nisamehe. Kisha akaishusha kanga kutoka kichwani akaifunga kiunoni, akaingia.

Mwape alimwona anakuja, akadhani amepotea. Alipoona hajapotea, akajaribu kuvuta shuka mpaka kwenye kidevu. Mkono wenye dripu ukamkatalia.

"Tulia," Kristina alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu awe mkwe wake.

Alichovya kitambaa kwenye beseni, akamfuta uso, shingo, kifua. Aibu ilimchoma mpaka masikio yakavuma. Kifua cha mkwe kilikuwa na mbavu za kuhesabika na kovu la zamani la moto, na aliona haya kujua kuna kovu hapo. Mwape alikuwa amefumba macho kwa nguvu, machozi yanatoka pembeni yanaingia masikioni, naye Kristina anayafuta pamoja na jasho kama vile hajayaona.

"Leo mama amekumbuka kuwa ana mtoto!" Bonifasi alisema.

"Nyamaza, Bonifasi, ushonwe na huo mdomo," Luciana alimjibu kutoka mwisho wa wodi, na nyuma yake alikuwa anaingia mwanaume mwenye miwani na kompyuta ndogo kifuani. Ndiye Clement, mkaguzi. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wagonjwa wote, akamwamkia Kristina kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Huyu ni nani wako?"

"Marahaba. Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa." Basi hapo Kristina akaona afadhali aseme, maana akinyamaza atalia. "Alitanguliza miguu. Mkunga Martha, Mungu amlaze pema, alitoka jasho mpaka kanga ikalowa. Baba yake akasema mtoto huyu amekuja kwa kinyumenyume, na ni kweli, mpaka leo ukimtuma anarudi na kitu kingine. Lakini moyo wake mzuri, baba. Akimwona mtu ana shida anatoa mpaka asichotakiwa kutoa."

Wodi ikacheka. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, ila yalimhusu mtu aliyekuwa Mandewa akila karanga. Clement akatabasamu, akaandika. Kisha akainama kitandani.

"Pole sana, mwalimu. Unafundisha somo gani?"

Mwape akafumbua macho. Wodi ikamgeukia mwalimu, Bonifasi ameinua shingo, Luciana amesimama na trei haendi mbele wala nyuma. Mwape akafungua mdomo.

Kristina akautia kijiko cha uji.

"Mwache ale kwanza, baba. Tangu apasuliwe hajaonja kitu."

"Samahani, mama. Nilikuwa nauliza tu som—"

"Meza, mwanangu." Kijiko cha pili. Mwape alimeza. Cha tatu kilikuwa tayari mdomoni kabla cha pili hakijashuka. Hesabu, alisema Kristina, anafundisha hesabu, watoto wanampenda, na kijiko, na wazazi pia wanampenda, na kijiko. Uji ukamchuruzika mkwe kidevuni, akaufuta kwa kidole chake mwenyewe. Kidole chake, kidevu cha mkwe wake, mbele ya watu. Akaendelea kulisha. Mwape alimtazama usoni, wazi, kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yanamwomba aache na yanamwomba asiache.

Clement alisubiri, akatazama saa yake, akatazama vitanda vilivyobaki.

"Mama mwenye upendo," alisema. "Basi, nitaongea naye akija kliniki kutolewa nyuzi. Na wewe uje naye, mama, koo lake likiwa bado."

Alipotoka, Kristina aliweka kijiko kwenye hotpoti. Ilikuwa tupu. Akatoka mpaka kule bombani nyuma ya jengo, akanawa mikono, akanawa tena, akalia kwa sauti mpaka Luciana akaja kumsimamia watu wasimwone.

*

Dawa ziliendelea. Homa ikashuka, kidonda kikakauka, na Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, Yunisi alikwenda kumchukua mumewe kwa bajaji. Kristina alikuwa uani anachagua dengu. Bajaji iliposimama mbele ya nyumba hakujua afanye nini na mwili wake. Akimbie? Amkimbie mtu ambaye yeye mwenyewe alimfuta kinywa? Au akae hapo hapo, amkaribishe kama mtoto wake, na Yunisi awe nani katika nyumba hiyo?

Akasikia hatua za kuburuta zikifika mlango wa mbele. Zikasimama.

Halafu Mwape akakohoa.

Kikohozi cha kwanza kilikatikia njiani, kikafuatiwa na mguno, maana mtu mwenye mshono tumboni hakohoi bure. Yunisi akasema, "Acha, utapasuka, ingia tu." Mwape hakuingia. Alivuta pumzi mpaka Kristina akaisikia kule uani, akakohoa cha pili, cha nguvu, kama zamani.

Kristina aliruka. Dengu zikamwagika, hakuziokota. Alivuta kanga kichwani, akakusanya ungo, akaingia chumba cha nyuma akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo, moyo unampiga kwa furaha. Amosi alikuwa humo kitandani, amejifunga kitambaa tumboni, maana walimu walikuwa wameshachoka kukatazwa na walisema leo jioni lazima waje.

"Vipi mama, unacheka au unalia?"

"Nyamaza. Mkwe wangu amerudi."

Wakakaa hapo, mama na mwana, wanasikiliza kiti cha sebuleni kinavyolia mtu akikaa taratibu. Baada ya muda Yunisi akaingia, simu mkononi, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Sista Luciana amepiga. Nyuzi ni Jumanne saa tatu. Anasema mama usikose, yule mkaguzi ameuliza tena habari zenu."

"Na fundi wa mashine ya vidole?" Amosi aliuliza.

"Ametoka Dodoma. Sista anasema ameshafika Manyoni, Jumanne mashine itakuwa inasoma."

Sebuleni Naftali alilia, na sauti ya Mwape ikambembeleza kwa lugha ya kwao, polepole, bila kuogopa kusikiwa. Kristina aliisikiliza mpaka mtoto akanyamaza. Kisha akachukua sahani ya chakula aliyokuwa amemwekea mkwe pembeni, akaifunika kwa sahani nyingine kama inavyotakiwa, akampa binti yake.

"Mpelekee mwenzio. Mwambie leo ale kwa nafasi, ale kama mkwe," alisema, akaanza kuitafuta ile hotpoti. "Jumanne nitabeba uji."